Grisi ya Goti na Ng'ombe wa Wanjiru

Kanisani kwetu hapa Njoro walinipa dakika tano za ushuhuda. Nilitakiwa nieleze nilivyougua, nilie kidogo, halafu niseme nilivyopona, kinanda kikipigwa polepole nyuma yangu. Nilikataa. Mambo yaliyonipata hayaenei katika dakika tano, na kinanda hakina kazi hapo. Namshukuru Mungu, tena sana, lakini si Mungu aliyeniuzia vidonge. Walioniuzia wana vibanda na wana viti vya ngozi, na nikisimama mbele ya watu nikawaruka ili niitikiwe amina, nitakuwa nimewasaidia kuuza. Kwa hiyo nimeandika. Wewe mwenye goti linalouma, keti uninyooshee mguu huo, usome mpaka mwisho.

Naitwa Mwaura. Nilikuwa dereva wa trela, nikibeba shehena kutoka Mombasa hadi mpakani Malaba na kurudi. Nilianza nikiwa kijana mwembamba, nikaacha nikiwa mzee mwenye tumbo. Sikuwa mtu wa kuugua. Gurudumu la trela nililifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe, na aliyelalamika mgongo mbele yangu nilimwambia aende akauze maua. Nyumbani alibaki mke wangu, Wanjiru, ambaye majirani humwita Mama Njeri, na shamba dogo la viazi na ng'ombe wake. Ng'ombe huyo mtamkumbuka, kwa sababu habari hii ni yake kama ilivyo yangu. Tulimwita Kairu kwa weusi wake. Wanjiru alimnunua kwa zamu yake ya chama cha kuchangiana cha akina mama, akamlea tangu akiwa ndama, na maziwa yake ndiyo yaliyosomesha watoto nilipokuwa nikilala barabarani.

Goti lililoanza ni la kushoto. Dereva yeyote atakwambia kwa nini. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta na breki, lakini wa kushoto ndio unaobeba klachi, na ukishikwa na foleni kwenye mteremko wa Mai Mahiu utaikanyaga klachi mpaka uone nyota. Kwanza niliumwa nikishuka kwenye kebini. Baadaye goti likawa gumu kila asubuhi, likikataa kukunjuka mpaka nilitembeze kidogo. Halafu likaanza kukwaruza kwa ndani, kama gia yenye mchanga. Likavimba. Mwisho nikashindwa kuchutama. Mnajua vyoo vya barabarani ni vya shimo. Mwanamume mzima nilikuwa nikishikilia mlango wa mabati kwa mikono miwili ili nijisaidie, na kumaliza haikuwa kazi, kazi ilikuwa kuinuka. Siku moja mlango uling'oka. Sitaeleza zaidi.

Pale Mai Mahiu palikuwa na kibanda cha mama mmoja tuliyemwita Mama Sammy. Aliuza chai, chapati, maharagwe, na service. Service ni vidonge. Alivitoa kwenye kopo la kahawa, kimoja kikubwa cheupe, viwili vya rangi ya machungwa na kingine kidogo sana, akavifunga kwenye karatasi ya daftari na kukuwekea kando ya chapati. Hakukuuliza umri wala unaumwa wapi. Goti, mgongo, meno, usingizi, vyote vilikuwa na service moja. Bei yake haikufikia hata sahani ya maharagwe.

"Mathe, nipige service," ulisema.

"Single ama double?"

Ukimeza, kabla hujafika Naivasha goti limenyamaza. Nani angeuliza maswali? Tulimsifu Mama Sammy kuliko maprofesa. Madereva wazima, watu wanaoweza kusikia beringi inayolia kwenye gurudumu la nyuma kabisa, tulikuwa tukimeza vitu visivyo na jina kutoka kwenye kopo la kahawa, tukishushia kwa chai.

Goti liliponishinda kabisa tajiri wangu aliniambia nipumzike, kwa sauti ile ya matajiri ambayo maana yake ni usirudi. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini, nami nikajikokota Njoro. Lakini service sikuiacha. Wenzangu waliokuwa wakipita waliniletea pakiti kwa wingi, wakaniachia kwa fundi wa magurudumu pale barabara kuu ya Nakuru. Nilimeza asubuhi na jioni. Wanjiru aliuliza ni nini, nikamwambia ni kitu cha madereva.

Nikanenepa. Uso ukawa duara, mashavu yakang'aa, shingo ikaota nyama kwa nyuma. Watu wa Njoro wakafurahi ajabu.

"Mwaura, retirement imekukubali!"

"Mama Njeri anakulisha poa, eh?"

Nikaamini. Kwetu mtu akinenepa hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Hata mchungaji alinishika shavu akasema huu ni uso wa baraka. Suruali zote zilikataa kufunga. Na goti, lililokuwa limechoka kubeba mtu mmoja, sasa lilibeba mtu na nusu. Kila service ilipoisha nguvu lililia zaidi ya jana, nami nikaongeza pakiti.

Wanjiru ndiye aliyenisukuma kwenda kituo cha afya. Ni kile cha serikali, kilichopakwa rangi mpya na wakubwa wakaja kukata utepe, kisha wakaondoka na funguo za kabati la dawa, nadhani, maana tangu siku hiyo sijaliona limejaa. Tulipokelewa na daktari mmoja anaitwa Chebet, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, asiyemchekea mtu. Alilishika goti langu, akalikunja, akalikunjua, akaniambia nipande kitandani, nikashindwa, akaandika.

"Mzee, hii ni goti imezeeka. Cartilage imekwisha kiasi. Utapunguza uzito, utafanya mazoezi nitakuonyesha, na nitakupa paracetamol. Kuna dawa ingine unatumia?"

"Hakuna," nilisema, na sikuwa nikidanganya. Kwangu dawa ni kitu unachopewa na mtu mwenye koti jeupe. Service ilikuwa service, kama vile mtu hasemi anatumia dawa kwa sababu amekunywa chai yenye tangawizi.

Akanipa vidonge vyeupe kwenye bahasha. Bure. Nikavitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja harusini na zawadi ya kiberiti. Paracetamol! Vidonge vya mtoto mwenye homa, kwa goti lililoendesha trela! Nilimpa Wanjiru aviweke kabatini, na mazoezi sikuyafanya hata siku moja. Nilikuwa na dharau ya dereva kwa kitu cha bure, kwa sababu barabarani cha bure ni cha wizi au ni kibovu.

Sasa nifike kwa mheshimiwa wa grisi.

Nilimsikia redioni. Ana kliniki mjini Nakuru, ghorofani, na ghorofa lenyewe halina lifti, kliniki ya magoti! Wagonjwa wote tulipanda ngazi tukiugulia, na hakuna aliyejiuliza kitu. Juu kulikuwa na viti vya ngozi, televisheni, na msichana wa kukukaribisha maji. Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya meza kubwa, tai imemkaba, na mbele yake goti la plastiki. Akaweka kwenye taa picha ya eksirei niliyopigwa mjini asubuhi ile.

"Mzee ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dereva. Trela."

Akatabasamu. "Basi wewe utanielewa haraka kuliko hawa wengine. Joint ni kama bushi. Hapa ndani kuna mafuta. Yako imekauka. Unajua bushi ikikauka inafanya nini?"

"Inakula chuma."

"Exactly! Sasa mimi nitakuwekea grisi. Sindano tatu. Imetoka ng'ambo."

Alinipata hapo hapo. Mtu aliyenisomea lugha yangu nilidhani amelisoma goti langu. Na hakuligusa. Nawaambia hivi: mtu yule hakuinuka kwenye kiti chake. Fundi wa gari asiyelala chini ya gari ni mwizi, hilo hata turnboy, utingo wa juzi, analijua, nami niliyewafukuza mafundi wa aina hiyo kutoka Mariakani hadi Eldoret nilikaa pale nikitikisa kichwa kama mjusi. Tena bushi, ile pete inayozuia chuma kusagana na chuma, ikishakula chuma huipaki grisi ukarudi barabarani na mzigo ule ule. Unainua gari, unashusha mzigo. Hayo yote niliyajua, na hayakunijia akilini, kwa sababu kiti kilikuwa cha ngozi.

Sindano ya kwanza ilimeza akiba yote ya viazi. Nilipata nafuu kidogo. Au ilikuwa ni service, maana sikuwa nimeiacha, siwezi kuapa. Nafuu ikaisha. Zikabaki sindano mbili, na msichana wa kliniki alinipigia simu kwa upole mwingi, akiniita baba. Sindano mbili zile, kwa bei yao, zilikuwa ng'ombe mmoja. Si ndama, ng'ombe wa kukamuliwa.

Nilimwambia Wanjiru akiwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kwenye ubavu wa Kairu, anakamua. Hakugeuka.

"Kama haitoshi?" aliuliza.

"Itatosha. Ameona kwa picha. Ni mafuta imeisha."

"Na huyo wa kituo cha afya alisema nini?"

"Huyo alinipa paracetamol, Wanjiru."

Akakamua mpaka mwisho. Akainuka, akafuta chuchu kwa kitambaa, akampiga Kairu kofi dogo la mgongoni. "Ukipona utarudi kazi?"

"Nitarudi."

"Basi mwambie Rotich akuje amuone."

Rotich ni jirani yetu, ng'ambo ya kijito, mfugaji anayejua ng'ombe na asiyepunja mtu. Tukakubaliana aje Jumamosi.

Siku zile choo changu kilikuwa kimegeuka. Kilitoka cheusi, chenye kunata na harufu mbaya, lami tupu. Nilisema ni maharagwe ya njahi. Tulikuwa tumekula njahi tangu Jumapili, nani asiyejua njahi ni nyeusi? Tumbo liliwaka chini ya kifua, nikalituliza kwa maziwa na service. Jumamosi asubuhi nilitoka kumfungulia Rotich lango. Nilisikia pikapu yake ikikata kona, akitoka kununua chakula cha ng'ombe mjini. Mikono ikawa baridi. Nikatapika kitu kama masalia ya kahawa, halafu damu, nyekundu, yenye mabonge, nikaanguka kwenye matope ya zizi karibu na kwato za Kairu.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kuchukua ng'ombe alinichukua mimi. Waliniweka nyuma ya pikapu juu ya magunia, Wanjiru akakishika kichwa changu. Nilimsikia Rotich akipiga honi njia nzima. Nakumbuka nilitaka kumwambia abadilishe gia, injini ilikuwa ikilia, lakini mdomo haukufunguka.

Hospitalini walinitoboa mkono mara nyingi kabla hawajapata mshipa. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kutolala.

"Mzee, ni dawa gani unakunywa ya maumivu?"

"Hakuna," nikasema tena. Mfa maji haachi kutapatapa, na mjinga haachi ujinga hata akiwa anavuja damu.

Wanjiru alitia mkono kwenye mfuko wa koti langu, akatoa pakiti, akazimwaga kitandani. Daktari alifungua karatasi moja, akavigeuza vidonge kwa kidole.

"Hii ni ya kupunguza uvimbe, na ameweka mbili kwa moja. Hii ndogo ni steroid. Hiyo ndiyo imekufurisha uso hivyo. Ukiziweka pamoja zinatoboa tumbo. Umekunywa kwa muda gani?"

"Miaka," alisema Wanjiru.

"Nani alimwandikia?"

"Mama Sammy," nikasema.

"Huyo ni daktari wa wapi?"

"Wa chapati."

Hakucheka. Wakanishushia mpira wenye kamera kooni, na wakaona vidonda viwili tumboni, kimoja kikitoa damu. Wakakiziba. Wakaniongeza damu, na chupa moja ilikuwa ya Rotich, aliyejitolea bila kuombwa, halafu akaenda zake kukamua. Usiku wa pili niliogopa. Sitajifanya shujaa. Niliogopa kufa kwa ajili ya vidonge vya bei ya chai, na nikamwomba Mungu aniache nione zizi langu tena. Nilisema zizi, sijui kwa nini sikusema nyumba.

Wageni wa kanisa walikuja. Mmoja aliniegemea akaniambia, "Asiyesikia la mkuu," akangoja nimalizie mwenyewe, kama mwalimu wa darasa la tatu. Mwingine, dada mmoja wa kwaya ambaye sitamtaja, alisali kwa sauti kubwa na macho yamefumbwa, kisha akatoa mkebe kwenye mkoba. Unga wa mizizi kumi na mbili, wa magoti, presha, sukari na ndoa. Nilikuwa bado na mpira mkononi! Alisema kwa sababu ni mimi atanipunguzia. Wanjiru alimshika kiwiko kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka nje ya wodi, akamrudishia mkebe wake.

Na bili ikaja. Kadi ya bima ya serikali ninayo, lakini nilikuwa nimeacha kuilipia, kwa sababu pesa ziliingia kwenye grisi. Hilo sikuulizwa na mtu, nililijua mwenyewe nikiwa nimelala. Nilimuuliza Wanjiru italipwaje, akaniambia nilale.

Siku ya kurudi nyumbani nilishuka kwenye pikapu ya Rotich nikaona zizi. Maji yalikuwa kwenye pipa, nyasi zimekatwa za jana, kamba imening'inizwa kwenye mlingoti. Kairu hakuwepo. Rotich aliangalia viatu vyake.

"Yuko kwangu," alisema. "Anakula vizuri, mzee."

Wanjiru alipita moja kwa moja jikoni kuwasha moto.

Kabla chai haijachemka simu yangu ikalia. Alikuwa msichana wa kliniki. Wanjiru aliipokea, akaiweka kwenye spika, akaendelea kukoroga.

"Baba, tumekumiss! Ulikosa appointment yako. Daktari anauliza, tukuwekee lini?"

"Huyu ni mama," alisema Wanjiru. "Mwambie daktari wako huyu ameshakauka. Atafute ng'ombe mwingine wa kukamua."

Akakata. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akizungumzia jambo hilo kwa hasira, na hakuwa akizungumza nami.

Nikarudi kituo cha afya, nikitembelea fimbo niliyoianza tangu niache trela. Chebet aliniona mlangoni.

"Umerudi."

"Nimerudi."

Alisoma karatasi za hospitali, polepole, midomo imekunjwa. "Nilikuuliza kama kuna dawa ingine. Ukasema hakuna."

"Hiyo haikuwa dawa. Ilikuwa service."

Akaziweka karatasi mezani. "Basi hata hiyo si goti, mzee. Ni spare."

Sikupendezwa. Alikuwa na haki ya kunidharau, na alidharau vizuri, bila kupoteza muda. Alinieleza kile kidonge kidogo hakiachwi ghafla, mwili umekizoea, kinapunguzwa kidogo kidogo. Nilimwelewa. Trela hulizimi katikati ya mteremko, unashuka na gia ndogo. Vile vya machungwa akasema nisiviguse tena maishani. Akaniambia fimbo nimeishika mkono usiofaa: goti baya ni la kushoto, fimbo ishikwe kulia. Miezi yote ile nilikuwa nimeishika upande wa maumivu, na watu wazima wa Njoro wote walinitazama. Nikabadilisha mkono, na kabla sijafika dirishani nikasikia tofauti.

Akanionyesha mazoezi. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu, ushikilie hewani, shusha taratibu. Baadaye jaza mahindi kwenye soksi, uifunge kifundoni, urudie. Nyama ya paja ikipata nguvu inabeba mzigo badala ya goti. Tembea kila siku kwenye njia tambarare. Punguza ugali.

"Hiyo tu?" niliuliza.

"Hiyo tu, na mafuta ya kupaka, na paracetamol siku mbaya."

"Pesa ngapi?"

"Mazoezi? Bure."

Lazima uso wangu ulisema kitu, kwa sababu alitua kalamu. "Mzee, kama huwezi amini kitu haujalipia, nitakuchaji. Kila siku ukifanya, mpe mama pesa ya chumvi."

Mafuta ya kupaka hayakuwepo. Yaliisha, hayajaletwa, yataletwa, wimbo huo mnaujua. Kituo kina rangi mpya na maandishi ya ukutani kuhusu haki za mgonjwa, lakini tyubu moja ya kupaka ukaitafute kwa duka la dawa. Nilikwenda. Mwenye duka aliniletea tyubu, halafu akainama kwenye kaunta.

"Boss, hii ni slow. Kuna ingine strong. Unameza, unasikia mara moja."

"Hiyo niliisikia," nikamwambia. "Nilisikia mpaka kwa tumbo. Nipe ya kupaka."

Tyubu ile si ya bure, na mkulima wa viazi huihesabu mara mbili. Lakini weka mizani yako mwenyewe: tyubu upande mmoja, na upande wa pili grisi ya ghorofani, damu ya jirani na ng'ombe. Wale waheshimiwa wanajua hatuweki mizani. Wanajua tunaona aibu ya kitu cha bei ndogo chenye karatasi ya daktari, na tunaona fahari ya kitu cha bei kubwa chenye kiti cha ngozi, na kati ya viwili hivyo tunameza vya kwenye kopo. Wametusoma kama ramani. Sijui nimdharau nani zaidi, Mama Sammy ambaye angalau chapati zake zilikuwa chapati, au yule wa tai, aliyesoma kwa pesa za watu ili aje kuwaambia watu ni bushi.

Kupona hakukuwa na kinanda. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Nilikaa kwenye kiti uani na soksi ya mahindi kifundoni, kuku wakiizunguka soksi hiyo wakiidonoa, nikawa kichekesho cha mtaa. Mwili uliuma wote vile vidonge vidogo vilipopungua, na asubuhi nyingine sikutaka kuinuka. Halafu siku moja nilikwenda chooni nikainuka bila kushika kitu. Nilisimama mle ndani nikacheka peke yangu. Wanjiru akaita kutoka nje kuuliza kama nimeanguka.

Uso ukapungua, shingo ikarudi. Na watu wale wale walionisifu barabarani sasa wananisimamisha kwa huruma.

"Mwaura, umekonda sana. Uko sawa kweli?"

Wakati ninakufa walinipongeza. Sasa nimepona wananiombea.

Goti bado ni zee. Baridi ya Julai ikishuka linanung'unika, na trela sitaendesha tena. Lakini natembea, nalima viazi vyangu, nalala usiku. Ninawashukuru wachache: Mungu kwanza, Rotich, Chebet mwenye sauti kavu, na yule daktari wa macho mekundu. Ukienda kwa daktari beba kila unachomeza, hata kile usichokiita dawa, hata cha kibandani, hata cha dada wa kwaya, ukimwage mezani. Asiyeligusa goti lako usimlipe. Choo kikiwa cheusi usisingizie njahi, kimbia hospitali. Na bima, lipa.

Chebet alisema nitembee kila asubuhi kwenye njia tambarare. Njia tambarare ni moja tu, ile inayovuka kijito kwenda kwa Rotich. Ndiko tunakonunua maziwa siku hizi. Mwanzoni alikuwa akienda Wanjiru. Alirudi siku mbili na mtungi, siku ya tatu akauweka mezani akasema yeye hawezi kusimama kwenye zizi la mtu akitazama ng'ombe wake akikamuliwa. Kwa hiyo ninaenda mimi. Fimbo mkono wa kulia, mtungi wa kushoto. Kairu ananijua, anageuza kichwa kabla sijafika langoni, halafu akiona ni mimi anarudi kula.

Nikifika nyumbani Wanjiru hutoka jikoni akipangusa mikono. Hajawahi kuniuliza goti linaendeleaje. Hupokea mtungi, akaunusa, akauliza, "Amekula?" Nami humwambia amekula.